Kilichowaangusha watu wa milimani

Tuanze na hesabu ya maji, maana ndiyo inayosahaulika. Mtu mzima anayeshinda juani anahitaji lita 3 hivi za kunywa kwa siku, hapo hajapika wala hajanawa. Ng'ombe wa pembe ndefu anataka lita 30, na kiangazi anataka zaidi. Sasa wapeleke watu 500 na ng'ombe 200 juu ya kilima wakajifiche. Watu watakunywa lita 1,500, mifugo lita 6,000. Hayo ni madumu 375 ya lita 20 kila siku ya Mungu, na zamani hizo hakukuwa na dumu, kulikuwa na mtungi wa udongo na kibuyu, na vyote vilipanda kichwani mwa mwanamke au mtoto.

Mvamizi akishaijua hesabu hiyo hana haja ya kupanda. Anaitafuta chemchemi, anaweka askari ishirini pale, anawasha moto wake, anangoja. Vilima vingi vya Ankole na Buganda vina kofia ya mawe mekundu iliyo bapa kama meza. Mvua ikinyesha, maji huzama na kutokea chini kabisa, pale mteremko unapokutana na bonde la mafunjo. Kigezi nako, milima ni mirefu zaidi lakini maji yanakaa mabondeni. Kwa hiyo mlima unaoonekana ngome ukiutazama kwa mbali, kwa ndani ni ghala lisilo na kisima.

Vita vya miaka ya 1890 vikitajwa hapa Uganda, jibu huwa tayari mdomoni: Wazungu walikuwa na bombomu. Jibu hilo si la uongo, ila linaruka mengi. Bombomu moja haiwezi kushika nchi. Kuna wafalme waliowahi kuzifukuza bunduki nzuri kuliko zao, kisha miaka ishirini baadaye wakashindwa na bunduki za aina ileile. Lazima kuna kitu kingine kilichobadilika, na mara nyingi kitu hicho kilikuwa msimu, chumvi, na jirani.

Nchi moja, misimu miwili

Bunyoro ndiyo mfano mzuri kwa sababu ilivamiwa mara mbili chini ya mfalme yuleyule. Si nchi ya milima mikali kama Kigezi. Ni nchi ya juu yenye vilima vilivyotawanyika, na upande wa magharibi inakatika ghafla kwenye genge linaloshuka hadi Ziwa Albert.

Mwaka 1872 Mwingereza Samuel Baker, aliyetumwa na Khedive (mtawala) wa Misri, alifika Masindi na askari zaidi ya mia moja wenye bunduki za Snider. Omukama (mfalme) Kabalega wa Bunyoro alikuwa bado kijana. Tarehe 8 Juni Wanyoro walishambulia. Kwa bunduki, Baker alishinda siku ile, na mji wa Masindi ukateketea. Lakini alishinda uwanja mtupu: hakukuwa na chakula, hakukuwa na wapagazi, na hakuna mtu aliyemjia kujisalimisha. Tarehe 14 Juni akaanza kurudi kaskazini kuelekea Foweira, kwenye mto Nile.

Njia hiyo ilipita ndani ya mabingobingo. Juni ni baada tu ya mvua kubwa, na mabingobingo yaliyoshiba mvua hufika mita 3 na zaidi. Mtu aliye ndani yake anaona hatua tano mbele. Snider inaweza kumwua mtu aliye mita 300, lakini mita 300 za nini kama macho yanafika mita 5? Kwa umbali huo mkuki ni sawa na bunduki, tena mkuki hautoi moshi wala hauhitaji kupakiwa. Wanyoro walikaa pembeni ya njia wamelala chini, safu ikapita, wakarusha, wakapotea. Safu ndefu ya watu mmojammoja haiwezi kugeuka yote kwa pamoja, na mpagazi aliyechomwa mkuki hutupa mzigo, anayemfuata hujikwaa, basi kila kitu kinasimama.

Uvamizi wa pili ni wa Mwingereza Kanali Henry Colvile, aliyevuka mto Kafu kuingia Bunyoro mwishoni mwa Desemba 1893. Kutoka Desemba hadi Februari Bunyoro ni kiangazi. Nyasi hukauka, na kila mwaka wenyeji wenyewe huzichoma kwa ajili ya malisho na uwindaji. Mahali palipokuwa ukuta mwezi Juni, Januari pamebaki majivu na vishina vyeusi. Hapo Remington na Snider zinaona, na Maxim, ile bombomu, inaona zaidi. Mito inavukika kwa miguu, baruti haishiki unyevu, na vihenge vimejaa kwa sababu mavuno ya ulezi yameshaingia. Ukitafuta sababu moja tu ya kwa nini safari ya pili haikuishia kama ya kwanza, ningeweka kalenda juu ya bombomu.

Kabalega alilijua hilo. Alichoma mji wake mwenyewe na kuingia msitu wa Budongo badala ya kungoja juu ya kilima. Tutamrudia.

Gobori linavyofanya kazi, na linavyokataa

Watu husema "walikuwa na bunduki pia" kana kwamba bunduki zote ni moja. Bunduki nyingi walizokuwa nazo wafalme wa ndani zilikuwa magobori, yaani bunduki za kushindilia kwa mdomoni, zilizokuja na wafanyabiashara wa pwani kupitia Unyanyembe na Karagwe, au na watu wa Khartoum kutoka kaskazini, zikilipwa kwa pembe za ndovu. Hebu tulipakie moja.

Simamisha kitako chini, mtutu juu. Mimina baruti kutoka kwenye pembe: gramu 5 hadi 7 zinatosha. Sokomeza kizibo cha kitambaa au nyuzi za mgomba, ushindilie kwa mdeki. Tia risasi. Tia kizibo cha pili, ushindilie tena. Chomoa mdeki (aliyesahau kuuchomoa huurusha pamoja na risasi, na hapo vita vyake vimekwisha). Inua bunduki, vuta jogoo nusu, weka fataki kwenye chuchu yake, vuta jogoo lote, lenga. Mtu aliyezoea hutumia nusu dakika. Mwenye hofu hutumia dakika nzima, na mara nyingi huruka hatua moja.

Askari wa Snider hufungua kifuniko cha nyuma, hutoa ganda, hutia risasi mpya ya shaba ambayo baruti na fataki vimo ndani yake, hufunga, hupiga. Mara kumi kwa dakika si ajabu. Tena anafanya hayo akiwa amelala kifudifudi. Wa gobori lazima asimame au apige goti, kwa sababu baruti haimwagiki kwenye mtutu uliolala.

Mlimani gobori lina tatizo lake la pekee ambalo bondeni halionekani sana. Risasi yake ni duara na ni ndogo kidogo kuliko mtutu, inakaa pale kwa nguvu ya kizibo tu. Ukielekeza mtutu chini ya mteremko na kizibo cha juu hakikushindiliwa vizuri, risasi huteleza mbele. Ama inadondoka kimyakimya kwenye nyasi na mpigaji anabaki na mlio mtupu, ama inasimama katikati ya mtutu na pengo nyuma yake, na hapo mtutu unaweza kuvimba au kupasuka usoni pake. Bunduki iliyotengenezewa uwanja tambarare ilipewa watu wa kupiga kutoka juu kwenda chini.

Halafu kuna suala la kulenga. Risasi inayopigwa kwenye mteremko, iwe kwenda juu au chini, huvutwa na ardhi kwa kadiri ya umbali wa tambarare tu, si umbali wa macho. Adui akiwa mita 100 chini yako kwenye mteremko wa nyuzi 45, risasi inaanguka kama anayepigwa yuko mita 70 hivi. Anayelenga kwa mazoea hupitisha juu ya kichwa. Hapo ndipo utaelewa kwa nini milio mingi kutoka kileleni iliua wachache. Na moshi: baruti nyeusi hutoa wingu jeupe zito. Kutoka bondeni, kila mpigaji aliye mlimani anajitangaza mwenyewe.

Kuhusu baruti yenyewe, kwa uzito si nyingi. Kilo moja inatoa milio 150 hivi. Watu 1,000 wakipiga mara 10 kila mmoja wanamaliza kilo 60 au 70, mizigo miwili au mitatu ya wapagazi. Shida haikuwa kuibeba, ilikuwa kuipata tena. Baruti nyeusi ni sehemu 75 za shura (aina ya chumvi), 15 za makaa, 10 za kiberiti (salfa). Makaa yapo kila mahali. Kiberiti safi hakipatikani kila kilima, na fataki ni kazi ya kiwandani kabisa. Wahunzi wa Bunyoro walikuwa hodari, chuma kilikuwa chao tangu mababu, waliweza kutengeneza bunduki iliyovunjika na kufua risasi. Hawakuweza kufua fataki. Mkutano wa Brussels wa 1890 ulipopiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, na njia za biashara kupita mikononi mwa Waingereza na Wajerumani, kila fataki iliyopigwa Bunyoro ilikuwa imetoka kwenye akiba isiyojazwa.

Tumbo la mlima

Kosa kubwa la ulinzi lilikuwa kukaa kileleni. Mtu yeyote angefanya hivyo, ndiko kunakoonekana mbali. Lakini vilima vyetu vingi vimevimba katikati, vina tumbo. Ukisimama juu kabisa unaona bonde lililo kilomita mbili, ila huoni mita 100 zilizo chini ya miguu yako, kwa sababu tumbo la mlima limezificha. Adui akishafika chini ya tumbo hilo anapanda kwa raha zake, na mara ya kwanza unamwona yuko hatua thelathini, amepumzika, bunduki imejaa. Ulinzi wa kweli hukaa chini kidogo ya kilele, pale jicho linapofika hadi mguuni mwa mlima. Kukaa hapo kunataka handaki, zamu, na chakula cha kuletewa, yaani kunataka jeshi la kudumu. Falme ndogo hazikuwa nalo. Bunyoro ilikuwa nalo, abarusura, na ndiyo maana haikuanguka kwa siku moja kama Buhweju, ufalme mdogo wa milimani uliomezwa na Ankole, ambao mtawala wake Ndagara aliuawa 1901.

Kosa la pili ni kuteremka. Mfano wake mkubwa uko Ethiopia. Mwaka 1868 Jenerali Napier wa Uingereza alipanda kutoka Bahari ya Shamu kumfuata Mfalme Tewodros kwenye ngome ya Magdala, akiwa na tembo 44 kutoka India wa kubeba mizinga na vitanda vyake. Tarehe 10 Aprili askari wa Tewodros, badala ya kukaa juu wamwache Napier ahangaike na mwinuko, walishuka mbio hadi uwanda wa Arogee. Walikutana na Snider uwanjani. Walikufa mamia, na mizinga ya Tewodros iliyokuwa juu ilipitisha juu ya vichwa vya Waingereza, kwa ile sababu ya mteremko. Siku tatu baadaye ngome ilitekwa, Tewodros akajiua. Waingereza waliokufa walikuwa wawili.

Kwa nini washuke? Si upumbavu. Jeshi la mfalme lililokaa juu linakula, na kila siku linapokula bila kupigana wakuu wadogo wanaanza kutoroka na watu wao. Mwenye mlima hana muda mwingi kama inavyodhaniwa. Mara nyingi yeye ndiye mwenye haraka.

Jeshi linalokula shamba lako

Msafara wa Colvile ulikuwa na askari wa Kisudani mia nne na ushei. Hao ndio wanaopigwa picha. Waliokuwa wengi ni Waganda, zaidi ya elfu kumi, wakiongozwa na Semei Kakungulu.

Piga hesabu ya tumbo. Kibaba kimoja cha unga, gramu 700 hivi kwa mtu kwa siku, kwa watu 10,000 ni tani 7. Mpagazi anabeba kilo 30. Chakula cha siku moja kinataka wapagazi 230. Chakula cha mwezi kinataka wapagazi 7,000, nao wanakula vilevile. Haiwezekani. Jeshi la namna hiyo halikubebewa chakula, lilitumwa kukila. Lilitandaa mashambani, likafungua vihenge, likachimba viazi, likakata ndizi. Kilichobaki kilichomwa moto. Kwa hiyo hapakuwa na tofauti kati ya kupigana na kula: kadiri lilivyokula ndivyo lilivyoshinda.

Mgomba uliokatwa haufi kabisa, chipukizi lake hutoka, lakini ni karibu mwaka mzima kabla halijazaa. Ulezi ni chakula bora cha akiba, unakaa kihengeni miaka bila kuliwa na wadudu, ila kihenge chenyewe ni fito na nyasi, kiberiti kimoja tu. Viazi vitamu vilivyo ardhini huponea moto, lakini haviponei jembe. Watu waliokuwa msituni au mlimani walirudi usiku kuchimba kilichobaki, na hapo ndipo walipokamatwa. Wengi waliouawa katika vita hivi hawakuuawa wakilinda kilele. Waliuawa wakitafuta chakula.

Tena Bunyoro iliingia vitani ikiwa na jeraha. Sotoka ilikuwa imepita 1890 na 1891, ikaua ng'ombe kote Uganda. Ng'ombe ni akiba inayotembea kwa miguu yake, unaweza kukimbia nayo. Aliyenyang'anywa ng'ombe na sotoka alibaki na akiba isiyoweza kukimbia.

Hakuna mahali jambo hili linaonekana wazi kama Lesotho, na ninaileta hapa makusudi kwa sababu mlima wao haukutekwa. Thaba Bosiu, mlima wa mfalme Moshoeshoe wa Wasotho, una magenge pande zote, una njia chache za kupandia, na juu una chemchemi na malisho. Agosti 1865 kamanda wa Makaburu, Louw Wepener, aliuawa akipanda moja ya njia hizo. Mlima ulishinda. Lakini mashamba ya nafaka yalikuwa chini, magharibi, na Makaburu walikaa huko wakichoma na kuswaga mifugo. Mwaka uliofuata Moshoeshoe alitia saini mkataba mbaya ambao Wasotho wenyewe waliuita Amani ya Mtama, maana alihitaji watu wake wavune. Hadi leo ukitazama ramani ya Lesotho utaona nchi ya milima ambayo tambarare yake nzuri imebaki ng'ambo ya mto Caledon.

Guruguru

Huku kwetu, mfano mmoja wa kukimbilia mlimani ulikuwa wa Lamogi, Acholi, 1911 hadi 1912. Waacholi walikuwa na bunduki nyingi kutoka kwa wafanyabiashara wa kaskazini. Serikali ilitaka zihesabiwe na kukabidhiwa. Walamogi walikataa, wakahamia milima ya Guruguru pamoja na wake, watoto, mbuzi na chakula, wakaingia mapangoni.

Mapango yale yalikuwa mazuri kwa risasi. Mlangoni mtu mmoja anazuia kumi. Mizinga midogo haifanyi kitu kwa jiwe. Kilichowashinda ni kuhara damu. Fikiria pango: watu wengi, mifugo ndani, mlango mmoja, adui nje. Huwezi kwenda haja mbali. Huwezi kumwaga uchafu nje mchana. Maji ya kunywa yanachotwa usiku kwenye kidimbwi kilekile kinachopokea mtiririko kutoka juu. Nzi wanatoka kinyesini kwenda kwenye chakula. Akiugua mmoja, baada ya siku chache wanaugua kumi, na mgonjwa wa kuhara anahitaji maji mara mbili ya mzima, wakati maji ndiyo hayapo. Walikufa wengi humo, na waliosalia wakatoka kujisalimisha. Hakuna bunduki iliyovumbuliwa ambayo ingewasaidia.

Muhumusa, yule mama wa ibada ya pepo Nyabingi aliyewatia Waingereza na Wajerumani tumbo joto mpakani mwa Kigezi na Rwanda, alikamatwa Septemba 1911 kwa kosa la aina hiyohiyo, ingawa kwake mambo yalikwisha kwa siku moja. Maadamu alikuwa akihamahama hakushikika. Alipojenga boma Ihanga na watu wakamwendea pale, akawa na anwani. Alipigwa risasi mguuni, akachukuliwa Kampala, akafia huko 1945.

Chumvi

Colvile hakuifukuza Bunyoro yote. Aliikata. Alipanga ngome kwa mstari: Kafu, Hoima, Kitanwa, hadi Kibiro ufukweni mwa Ziwa Albert. Ngome zenyewe zilikuwa handaki na boma la miti, askari wachache ndani. Mtu anaweza kuzicheka, lakini tazama mstari unaishia wapi.

Kibiro iko chini ya genge, udongo wake haufai kulima, na watu wake waliishi kwa kitu kimoja, chumvi. Kazi ni ya wanawake. Udongo mkavu unatandazwa juu ya ardhi inayotoa maji ya chumvi, jua linavuta chumvi juu, udongo unakwanguliwa, unawekwa kwenye chungu kilichotobolewa chini, maji yanapitishwa, yanayodondoka yanachemshwa hadi yabaki mawe meupe. Kisha chumvi inapanda genge kichwani kwenda kubadilishwa na ulezi, maharage, majembe. Mwenye kushika Kibiro ameshika mboga ya kila nyumba ya Bunyoro, na soko ambamo habari, pembe na baruti zilipita. Waingereza walishusha pia mashua ya chuma iliyobebwa vipande vipande na kuunganishwa ziwani, na Februari 1894 ilifika Wadelai. Mlango wa magharibi ukafungwa.

Majirani nao. Toro ilikuwa imeasi kutoka Bunyoro tangu zamani, Kabalega akairudisha kwa nguvu. Mwaka 1891 Mwingereza Lugard alimpeleka Kasagama kukikalia kiti cha Toro na kumlinda kwa ngome zenye Wasudani. Kwa Watoro wengi huyo hakuwa mvamizi. Kwa Waganda, Bunyoro ilikuwa adui wa karne nyingi, na safari hii waliahidiwa ardhi, ndiyo yale majimbo ambayo mawili yake, Buyaga na Bugangaizi, yalirudi Bunyoro kwa kura ya 1964. Wasudani wenyewe walikuwa mabaki ya jeshi la Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri huko kaskazini, watu walioachwa ziwani bila mshahara, na wajukuu wao ndio Wanubi wa Bombo na kwingineko. Kiswahili hiki tunachosomea hapa nacho kilitembea sana katika njia hizo za misafara na kambi. Ukiwahesabu wote hao, Wazungu waliovuka Kafu wangetosha kwenye matatu moja.

Wasioshindwa upesi

Wapo watu wa milimani walioshinda. Mfalme Menelik wa Ethiopia aliwashinda Waitaliano Adwa tarehe 1 Machi 1896, na husemwa ni milima. Milima ilisaidia, kwani vikosi vya Baratieri, jenerali wao, vilipotezana usiku mabondeni. Lakini Menelik alikuwa na bunduki za kisasa kwa makumi ya maelfu, na hata hivyo chakula cha jeshi lake kilikuwa kimekaribia kuisha. Angebaki siku chache zaidi angeondoka. Waitaliano ndio waliokosa subira. Na Wasotho, walipoambiwa 1880 wasalimishe bunduki zao, walipigana hadi 1881 na bunduki zikabaki mikononi mwao, kwa sababu safari hii walikuwa na farasi, baruti ya kununua, na hawakujifungia juu ya mlima. Walishambulia misafara ya chakula.

Kabalega ndiye aliyelielewa hilo huku kwetu. Hakukaa kilimani hata kimoja kwa muda mrefu. Alitoka Budongo akahamia mashariki, Novemba 1894 nusura akamatwe kambini, akaponyoka. Machi 1895 watu wake walijichimbia kwenye kisiwa cha Kajumbura, ndani ya Nile. Hapo maji yalikuwa upande wake: mtumbwi unabeba watu wachache, wamekaa, hawawezi kujificha wala kupiga sawasawa, na maji hayana tumbo la kujifichia. Shambulio lilivunjika, Kapteni Dunning akafa kwa majeraha. Hata magobori yanatosha kwa mtu aliye kwenye mtumbwi mita 50 mbele yako. Waingereza walirudi kabla ya katikati ya mwaka na jeshi kubwa zaidi na mizinga, wakavuka, lakini yeye alikuwa ameshakwenda Lango.

Huko alidumu miaka minne mingine, nchi ya tambarare na vinamasi, bila kilima cha maana. Alfajiri ya 9 Aprili 1899 kikosi cha Mwingereza Evatt kilimzingira Kangai. Risasi ilimvunja mkono, ukakatwa. Aliyekamatwa pamoja naye alikuwa Mwanga, ambaye alikuwa Kabaka wakati Waganda walipovuka Kafu kuja kumlia Kabalega ulezi wake.